Nimejisajili SHA, Mbona Bado Naambiwa Nilipe?

Maswali yenu kuhusu bima ya afya, majibu ya muuguzi wetu mstaafu

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ichukue kazi ya NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024 barua zenu hazijakatika, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani mtu anajua yuko ndani ya bima halafu akifika dirishani anaambiwa hayuko. Nimechagua chache ambazo naona zinagusa watu wengi. Mengine ntajibu toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nauza mboga Kongowea. Mwaka jana vijana walipita sokoni wakatusajili SHA kwa simu, ile *147#, nikajibu maswali yao yote na meseji ikaja kwamba nimesajiliwa na watoto wangu watatu wamo. Juzi nikashikwa na tumbo upande wa kulia nikakimbizwa hospitali ya kaunti nikambiwa ni kidole tumbo nataka operesheni. Pale dirishani wakaingiza kitambulisho wakasema ndio jina liko lakini sijalipa, nilipe mwaka mzima ndio bima ifunguke, na mimi hapo hata kusimama siwezi. Ndugu zangu wakachanga usiku huo. Sasa nauliza, ile meseji ilikuwa ya nini? – *Mama mboga, Kongowea*

JIBU: Marhaba mwanangu, pole sana kwa operesheni na pole zaidi kwa hayo ya dirishani, manake mgonjwa wa kidole tumbo hafai kusimamishwa akisaka pesa hata nusu saa.

Ile meseji ilikuwa ya kukwambia jina lako limeingia kwa sistimu, basi. Kujisajili na kulipiwa ni vitu viwili na hapa ndipo watu wengi wameachwa gizani, kwa sababu serikali ikitangaza kwamba zaidi ya watu milioni 20 wamejisajili mtu anasikia kama milioni 20 wana bima, na sivyo, hayo ni majina. Wanaolipa ni wachache sana ukilinganisha, wengi wao ni wale wa mshahara ambao wanakatwa watake wasitake.

Hebu nikueleze ilivyopangwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeweka mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, huu unalipwa na serikali kutoka kwa kodi, na ndio unaokuhudumia ukienda dispensari (levo 2) au kituo cha afya (levo 3) kwa homa, malaria, kidonda, kliniki ya mtoto. Huo hutakiwi kulipa kitu, kusajiliwa kwako kunatosha. Wa pili ndio SHIF, mfuko wa michango yenu, na huu ndio unalipia ukilazwa, ukipasuliwa, ukijifungua, ukienda hospitali kubwa levo 4 mpaka 6. Hapo sasa bila mchango hakuna. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, nao pia ni pesa ya serikali, na kwa magonjwa kama saratani unaingia wakati kiwango chako cha SHIF kimekwisha.

Kwa hivyo wewe ulikuwa umefunguliwa mlango wa kwanza, na operesheni iko nyuma ya mlango wa pili. Vijana waliopita sokoni walitakiwa wakwambie hivo siku ile ile wakiwa na simu mkononi, na kutokusema kwao ndiko kumekuponza wewe na wenzio wengi. Wengine nadhani hata wao hawakujua.

Sasa kuhusu kulipa mwaka mzima. Enzi za NHIF mtu wa jua kali alikuwa analipa shilingi 500 kila mwezi. SHA kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ukipiga hesabu kwa mwaka ni 3,600 badala ya 6,000, kwenye karatasi ni nafuu kabisa na sikatai. Lakini mtu asiye na mshahara anatakiwa atoe ya mwaka wote kwa mpigo. Mama anayenunua sukuma kwa deni alfajiri akauza mpaka jioni ndio alipe deni na abaki na ya unga, hiyo 3,600 ya siku moja ataitoa wapi? Mia tatu angepata. Na wala si wote wanaangukia 3,600, kuna yale maswali uliulizwa, nyumba ni ya mabati au makuti, choo kikoje, unapikia nini, maji unatoa wapi, una mbuzi wangapi, majibu yako ndiyo yanaamua utalipa ngapi, kuna watu wameandikiwa kiwango ambacho hata mwenye duka angekuna kichwa. Mimi nasema wazi, utaratibu huu wa mwaka mzima uliundwa na watu wanaolipwa mwisho wa mwezi, na unafaa ubadilishwe, mtu aruhusiwe kulipa kwa mwezi na bima yake ikae hai kama mwenye mshahara.

Mwaka 2025 wakaleta kitu kinaitwa Lipa SHA Pole Pole, ni afadhali kuliko kukaa bure. Lakini elewa ni mkopo, yaani mkopeshaji anakulipia mwaka kule SHA halafu wewe unamrudishia kidogo kidogo, kwa siku au wiki au mwezi. Kabla hujakubali uliza utarudisha jumla ngapi na ukichelewa inakuwaje. Kama mna chama hapo sokoni mnaweza pia kufanya mzunguko mmoja uwe wa bima, kila mwezi mnamlipia mmoja wenu, nyinyi mnajuana na hakuna riba.

Na kama kiwango ulichoandikiwa hakifanani na maisha yako usinyamaze, nenda Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) au ofisi ya SHA na kitambulisho chako uombe maelezo yako yaangaliwe upya.

SWALI: Dada salaam. Mimi ni karani kampuni ya usafirishaji hapa Mombasa, mshahara wangu ni 50,000. NHIF walikuwa wananikata 1,200 saa hii SHIF inakata 1,375, na mke wangu naye anakatwa kwake. Halafu nikimpeleka mamangu hospitali naambiwa hayumo kwangu. Na si korti ilisema hii sheria ni batili, mbona tunaendelea kukatwa? – *Karani, Mombasa*

JIBU: Walaikum salaam kakangu. Hesabu yako iko sawa, ni asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato. Mwenye 20,000 yeye alikuwa anakatwa 750 saa hii anakatwa 550, ameshuka. Mwenye laki moja alikuwa 1,700 sasa ni 2,750, na hapo juu hakuna dari tena, mwenye milioni anakatwa kwa milioni yake. Mimi hilo la mwenye nacho kuchangia zaidi naliunga mkono kabisa, bima ya umma haiwezi kusimama kwa njia nyingine. Kitu kinachoniuma ni kwamba mwajiri wako hachangii hata shilingi kwa mfuko huu, ilhali NSSF, ule mfuko wa pensheni, anachangia sawa na wewe. Pia tangu mwisho wa Desemba 2024 pesa ya SHIF inatolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hivyo angalia peslipu yako kama wamefanya hivo.

Ukishaangalia hilo angalia na lingine, kama kampuni yako inapeleka hizo pesa. Tarehe ya mwisho ni 9 ya mwezi unaofuata. Kuna wafanyakazi wanakatwa kila mwezi halafu wakilazwa wanaambiwa hawajalipiwa, mwajiri amekalia. Piga *147# uone hali yako kabla hujaumwa.

Mama ni kweli hayumo. Wanaohesabiwa kwako ni mke na watoto, mtoto mpaka miaka 21, au 25 kama bado anasoma, na mwenye ulemavu anayekutegemea hana ukomo wa miaka. Mzazi anajisajili mwenyewe na kupimwa uwezo wake mwenyewe. Unaweza kumlipia wewe, ni pesa yake na si nyongeza kwenye yako. Najua kwetu mzazi ni wa nyumba, tena ndiye mgonjwa wa kwanza wa nyumba, sheria haikuliona hilo.

Korti ndio, Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema zile sheria za afya zilipitishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, ila Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba mwaka huo huo, ndio maana Oktoba 1 ikaanza.

SWALI: Shangazi naomba msaada na usinitaje. Nina miaka 22 naishi kwa wazazi Kwale, nina mimba ya miezi sita, aliyenipa amehama hata simu hashiki. Dadangu alijifungua kwa Linda Mama hakulipa hata ndururu. Mimi nambiwa Linda Mama hakuna tena. Nyanya anasema nizalie nyumbani tu yeye amezalisha wengi. – *Msichana, Kwale*

JIBU: Mwanangu, asante kwa kuandika, na la kwanza kabisa usizalie nyumbani. Namheshimu nyanya na mikono yake, lakini damu ikianza kumwagika baada ya mtoto kutoka hakuna nyanya wa kuizuia, inataka dawa na wakati mwingine inataka damu ya chupa, na dakika zinahesabika. Nimekaa wadi ya wazazi miaka mingi na wale waliotufia wengi waliletwa wamechelewa.

Ni kweli Linda Mama haiko kama ilivyokuwa. Ilianza kama tangazo la Juni 2013 kwamba kujifungua hospitali za umma ni bure, baadaye ikapelekwa NHIF kwa jina hilo, na utamu wake ulikuwa mmoja tu, mama alikuwa anajisajili na kitambulisho chake na hatoi mchango. Sasa imeingizwa SHA kwa jina Linda Jamii na kujifungua kunalipwa na ule mfuko wa michango. SHA inalipa hospitali 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini ni kama mchango wako wa mwaka uko hai. Kwangu mimi hapa tulirudi nyuma. Mwanamke mjamzito asiye na kazi ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa mchango, na wale wakubwa wanaosema huduma imekuwa pana zaidi kwa sababu sasa familia yote inahudumiwa, mimi nawajibu kwamba kwa huyu binti wa Kwale haikuwa pana, ilikuwa bure ikawa na bei. Mimba haingoji mtu apate kazi. Serikali ingeweza kuuchukua mchango wa wajawazito wasio na kipato ikaulipa kutoka kwa hazina kama inavyolipa dispensari.

Sasa fanya hivi, una miezi mitatu na si haba. Kliniki ya wajawazito ya dispensari ya hapo karibu usiikose, hiyo huduma ya levo 2 na 3 hulipi, ukiombwa pesa uliza ni ya nini na uombe risiti. Jisajili SHA leo kwa jina lako, umri wako huu kama husomi huwezi kuingia kwa baba yako. Ukiona kiwango chako anza kukusanya au ingia hiyo ya pole pole iwe imekamilika kabla ya mwezi wa nane wa mimba. Halafu mtafute mhudumu wa afya wa mtaa, wale CHP wenye begi na simu, serikali iliwatoa laki moja nchi nzima Septemba 2023, wanajua nyumba zisizojiweza. Oktoba 2025 serikali ilianza kulipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, muulize yeye na chifu kama nyumba yenu inaweza kuingizwa kwa orodha hiyo. Usione haya kuuliza, hiyo orodha imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Na ukiona damu, au kichwa kinauma sana na macho yanafifia, au uso na mikono imevimba, au mtoto ameacha kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo uwe umelipa au hujalipa. Katiba yetu kifungu cha 43 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya mpaka milioni 3 kwa hospitali inayoweza kukuhudumia ikakataa. Mwambie anayekupeleka akariri hilo.

SWALI: Habari. Kakangu alipata ajali ya boda akalazwa hospitali ya kibinafsi huku Kilifi. Analipa SHA vizuri. Wakasema SHA haiwalipi kwa hivyo wanataka keshi. Tulitoa tulichoweza, sasa amepona wiki nzima lakini wamemzuia wadini na bili inapanda kila siku. Wana haki? – *Ndugu, Kilifi*

JIBU: La mwisho kwanza, kwa kuwa ndilo la haraka. Hawana haki ya kumfungia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya kujifungulia ya Pumwani kwa sababu ya bili, ikasema kuwazuia kulivunja haki zao na wakapewa fidia. Hospitali ikidai inaweza kwenda mahakamani kama mdai mwingine yeyote, mtu si dhamana. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa hospitali muombe makubaliano ya kulipa kwa awamu na mumtaje huyo mgonjwa kwamba ameruhusiwa na daktari tarehe fulani, mbaki na nakala. Hiyo ya kuhesabu siku alizokaa baada ya kuruhusiwa ikataeni kwa maandishi.

Lakini naomba pia tuelewe upande wa pili, manake hasira zote zinamwangukia nesi wa wadi ambaye hana hatia. NHIF ilipofungwa iliacha deni la karibu bilioni 30 kwa hospitali. Februari 2025 muungano wa hospitali za kibinafsi za vijijini na mijini, RUPHA, ukawaambia wanachama waache kupokea wagonjwa wa SHA kwa mkopo, na Machi rais akasema wanaodai milioni 10 kushuka chini watalipwa zote na wanaozidi hapo madai yao yakaguliwe kwanza. Ukaguzi una maana, kuna hospitali zilidai pesa za wagonjwa ambao hawakuwako, hizo ni pesa zenu zilizoibwa. Ila hospitali ndogo ya kweli yenye vitanda 20 ikikaa miezi bila kulipwa hainunui dawa wala hailipi wafanyakazi, na mgonjwa anayelipa mchango wake kila mwezi ndiye anayebeba gharama mara mbili, kwa mchango na kwa keshi. Kakako amefanyiwa hivo. Pigeni 147 ni bure, mtoe malalamiko mpewe namba ya kumbukumbu, na mkipewa risiti ya keshi ihifadhini pamoja na uthibitisho kwamba mchango wake ulikuwa hai siku ya kulazwa.

SWALI: Babangu anasafishwa figo mara mbili kwa wiki. Zamani ilikuwa namba ya siri inakuja kwa simu, sasa ni lazima aweke kidole na mashine haisomi, alikuwa mvuvi maisha yake yote vidole vimekwisha mistari. Juzi alikaa kutoka asubuhi hadi adhuhuri sistimu iko dauni. – *Binti wa mvuvi, Lamu*

JIBU: Mpe mzee salamu zangu. Kipindi kimoja cha kusafisha figo SHA inalipa 10,650, vipindi vinane vya mwezi ni 85,200, hakuna mvuvi wa kutoa hizo mfukoni, kwa hivyo mashine ikikataa kidole maana yake ni kwamba mzee anaweza kurudi nyumbani na sumu mwilini.

Namba za siri ziliondolewa kwa sababu kuna watu walikuwa wanazitumia kuiba, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kuleta mashine ya vidole kwa nchi ya wavuvi, wachimba mawe na wakulima bila kila kituo kuwa na njia ya pili iliyoandikwa ukutani. Ombeni vidole vyote kumi vijaribiwe, mara nyingi kidole cha mwisho au gumba la mkono wa kushoto lina nafuu, mikono ioshwe na ikaushwe, na apakwe mafuta kidogo usiku wa kabla, asubuhi iwe laini. Kikikubali kimoja mwandike kwenye kitabu chake cha kliniki ni kipi. Kikikataa vyote mtake mhudumu wa SHA aliyeko hapo hospitali aje mwenyewe na aandike kwamba mgonjwa yuko na kitambulisho chake kiko. Daktari wa kitengo ana nguvu ya kusema mgonjwa aanzishwe na karatasi zifuate, muombeni afanye hivo. Mgonjwa wa figo hangojeshwi na intaneti.

SWALI: Kuna kijana ananiambia nimpe 500 anisajili SHA haraka na nimtumie namba itakayoingia kwa simu yangu. – *Mzee, Mtwapa*

JIBU: Usimpe mzee wangu. Kujisajili ni bure, kwa *147# au Huduma Centre au kwa CHP wa mtaa wako, na hiyo namba inayoingia kwa simu ni yako peke yako. Kama ulishamtumia piga 147 leo uwaeleze.